Mama Ndiye Namba Moja

Machi 3, Jumatatu

Daftari hili nililinunua la vipimo, basi lianze na vipimo. Kutoka meza yangu chumba cha mbele hadi meza ya Mama chumba cha nyuma ni meta kumi na nne, kwa kupima na kamba ya nguo. Kuna ukuta mmoja wa kutoboa na dari ya ukumbi inayovuja juu ya kabati la vyombo. Nikiongeza za kupanda na kushuka napata kumi na tisa. Naandika kwa sababu najijua. Nikifanya kazi ya mikono bila kuandika, mwezi ujao nasimama katikati ya nyumba nauliza nani kapiga msumari pale, na jibu ni mimi.

Mama ni mama mkwe, lakini hilo neno "mkwe" tulishalitupa siku nyingi. Alikuwa mkunga miaka thelathini na minane. Tangu astaafu anapiga chapa, kwa vidole viwili, majina ya watoto wote aliowapokea: jina, siku, uzito, jina la mama. Aliyaanza mwaka jana kwenye kompyuta yangu, akafika mia mbili na kumi na mbili, mwanawe akamnunulia yake. Akahamisha orodha kwa flashi na kuendelea huko. Sasa yuko mia tisa na kitu. Wiki jana flashi imeingia kwenye maji ya kufulia ikiwa mfukoni, ikafa, na Mama hakula siku nzima kwa hofu kwamba siku moja na kompyuta yake itakufa hivyo hivyo.

Nikamwambia tuunganishe kompyuta zetu mbili kwa waya, orodha ikae kwake na nakala ikae kwangu. Nilimwambia pia kuna njia ya kuihifadhi kwenye intaneti. Akasema mambo ya wanawake hayapandi hewani. Basi waya.

Machi 4

Mvua. Ndoo mbili ukumbini. Sikufanya lolote.

Machi 6

Nimekwenda kwa fundi wa kompyuta wa pale kona. Watu wote wanamwita Koleo, maana koleo halimtoki kiunoni, hata kanisani nasikia analo. Alinikatia waya meta ishirini, akapanga zile nyuzi nane kwa rangi zake akazibana kwenye vichwa vyake pande zote mbili. Akanieleza kwamba kompyuta mbili zikiunganishwa moja kwa moja, bila mashine nyingine katikati, inabidi uzipe anwani wewe mwenyewe kwa mkono. Anwani zifanane mwanzo wote zitofautiane mwisho, moja iishie na moja na nyingine iishie na mbili, kama watoto wa baba mmoja. Halafu kila moja uifungulie mwenzake folda ya kuingia.

Nilipokuwa nalipa akaniambia, ukianza kunakili tazama mara mbili uko upande gani, waya haujui kwenda na kurudi. Nikamwitikia ndiyo ndiyo, huku natafuta mwavuli.

Machi 8, Jumamosi

Mume wangu yuko nyumbani. Anaendesha lori la mizigo, tunampata siku mbili kwa wiki. Alishika ngazi, mimi nikatoboa. Chokaa ya ukuta imeingia kwenye sukari. Mama alisimamia toka kwenye kiti, kila msumari ukapata maoni yake.

Saa tisa tukachomeka. Vitaa vya kijani vikawaka pande zote mbili, Mama akapiga makofi. Nikaanza kuandika anwani, ya kwangu nikaipa moja, ya Mama mbili. Akasogea, akavaa miwani, akatazama.

"Mimi ni wa pili hapa?"

Nikamwambia, Mama, ni namba tu, haina maana yoyote. Akasema kama haina maana basi haitaniuma kuibadilisha. Alimzaa mwenye nyumba, akampokea mjukuu wake kwa mikono yake, na leo awe wa pili kwa kompyuta? Mume wangu akashuka kwenye ngazi akatoka nje kucheka, mwoga mkubwa yule. Nikabadilisha. Mama ndiye namba moja, mimi namba mbili. Nimeandika kwenye karatasi nimeibandika juu ya skrini yangu nisisahau.

Niandike ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: iliniudhi. Waya nimepima mimi, ukuta nimetoboa mimi.

Machi 11

Karatasi imebanduka kwa unyevu. Nitaandika nyingine.

Machi 14

Mama amegundua mchezo. Folda zetu zote mbili zinaitwa Kazi, maana mimi ndiye niliyemfundisha na mimi yangu inaitwa Kazi. Sasa anatengeneza mafaili matupu humo ndani ya yake na kuyapa majina, nami nikifungua nayaona. Asubuhi nimekuta "chai". Saa nne nimekuta "njoo". Nikaenda, alitaka nimwonyeshe tena jinsi ya kufanya herufi kubwa. Mchana nimekuta "umekula". Nilicheka peke yangu.

Machi 17

"njoo" mara sita. Kitabu cha hesabu cha darasa la nne ninachokipangia kurasa kinatakiwa na mchapaji Ijumaa.

Machi 19, Jumatano

Sijui nianzie wapi. Nianze na mvua. Ilianza alfajiri na umeme ukawa unacheza, unazima unawaka. Mama alikuwa amerudi kulala, mgongo unamsumbua. Nikajiambia leo ndiyo siku ya kuchukua ile nakala, kabla umeme haujaunguza kitu. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeitwa mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa nimtafutie miwani iliyokuwa kichwani kwake. Nilikuwa na hasira ndogo, ile ya kukufanya ubonyeze vitu kwa nguvu.

Nikafungua madirisha mawili kwenye skrini, moja la namba moja na moja la namba mbili. Yote yana folda Kazi. Ndani ya kila moja kuna faili linaitwa Watoto, la kwangu ni lile la mwaka jana ambalo sikulifuta. Na kichwani mwangu, nikiwa na haraka na hasira, namba moja ni mimi. Nani asiyejihesabu wa kwanza? Nikaburuta Watoto kutoka mbili kwenda moja. Kompyuta ikauliza: kuna faili lenye jina hili tayari, nafasi yake ichukuliwe na hili? Chini yake iliandikwa tarehe na ukubwa wa kila moja. Ningesoma mstari mmoja tu. Nikasema moyoni, ndiyo, la zamani ni langu, ondoa. Nikabonyeza Ndiyo.

Nikafungua kuhakikisha. Mia mbili na kumi na mbili. Nikafungua la upande wa pili. Mia mbili na kumi na mbili.

Jana lilikuwa na mia tisa na sita. Najua kwa sababu Mama alinitangazia wakati wa chakula.

Nimetafuta kwenye pipa la taka la kompyuta, halimo. Nimetafuta kila mahali. Nimedondosha mausi. Mama akakohoa chumba cha nyuma, nikafunga kila kitu.

Nitamwambia kesho akiamka vizuri. Madaftari yake yapo, namshukuru Mungu. Yako kumi na saba kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kilichopotea ni kazi ya vidole tu, si majina.

Machi 20

Aliamka kabla yangu.

Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, hajaegemea kiti. Hakugeuka. Aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Mwanangu, hivi wale wengine niliwaandika, au niliota?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwa tayari, nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Nikafungua mdomo yakatoka mengine.

"Labda hukuhifadhi, Mama."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema inawezekana. Akasema siku hizi hata yeye hajiamini. Kisha akanishika mkono akanishukuru kwa kuwa na subira naye.

Machi 21

Nimekwenda kwa Koleo nikamwambia rafiki yangu mmoja amefuta faili la mtu. Akaniuliza, limefutwa au limeandikiwa juu? Nikasema limeandikiwa juu. Akashusha pumzi. Akasema huyo rafiki yako amwambie mwenyewe mapema, na kompyuta isitumike, ingawa hatoi ahadi. Kompyuta ilishatumika siku mbili. Rafiki yangu akarudi nyumbani na mvua.

Machi 24

Nimejitolea kumsaidia kuchapa upya kutoka kwenye madaftari. Nilidhani nitalipa kosa kwa vidole vyangu bila kulitaja. Amekataa. Anasema kila daftari lina safu ya mwisho ya maelezo: nani alilia jina la mwanamume mwingine, nani alijifungua akiwa na alama za kipigo, nani aliomba mtoto asiandikwe kwa baba yake. Hiyo safu hakuna mtu mwingine aliyeiona. Alishaniambia zamani, siku orodha ikikamilika madaftari yote atayaunguza. Mkunga ana masikio mawili na mdomo hana, ndivyo anavyosema.

Basi mlango huo umefungwa. Umebaki mmoja, nao naujua.

Machi 29

Mume wangu kaja na kaondoka. Sikumwambia.

Aprili 2

Mchuzi umetiwa chumvi mara mbili. Nimetia mimi moja, Mama nyingine, wala hakuna aliyemwambia mwenzake. Jambo la kila nyumba. Lakini Mama aliweka kijiko chini akanitazama kwa woga, nami badala ya kusema nimetia mimi nikasema haidhuru Mama.

Haidhuru! Nimekuwa mtu mwema sana mwezi huu.

Aprili 5

Faili jipya kwenye folda yake: "funguo ziko kwenye birika". Sijui kama ameniandikia mimi au amejiandikia mwenyewe. Nilikwenda kuangalia. Ziko kwenye birika.

Aprili 8

Mvua, siku ya tano mfululizo. Ukungu umeanza kupanda nyuma ya kabati. Mama hachapi tena. Anaiwasha kompyuta, anatazama mia mbili na kumi na mbili, anaizima.

Aprili 12, Jumamosi

Leo alinisimulia habari za dada yake mkubwa. Nilikuwa nazijua nusu. Yule dada naye alikuwa mkunga, ndiye aliyemfundisha kazi. Ilianza na vitu vidogo, sufuria, majina ya mitaa, mpaka ikafika siku akamkaribisha mwanawe ndani kwa kumwita bwana mgeni. Lakini hilo silo lililomuumiza Mama. Mwishoni dada alikuwa anakaa dirishani na kuwasimulia wapita njia mambo ya watu. Siri za miaka arobaini. Fulani si mtoto wa fulani. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alihama mji kwa sababu ya dirisha lile.

"Akili ikienda, mwanangu, iende," alisema. "Ila mdomo ukibaki peke yake, huo ndio ugonjwa."

Nilikuwa nachambua mchele. Nilichambua ule ule mara tatu. Nilisema kimoyomoyo: nikimaliza sinia hili nitasema. Nikamaliza sinia. Akaja jirani kuazima ungo.

Zamani, nilipokuwa na mimba na naona haya kuvua nguo mbele ya mama wa mume wangu, alinicheka akaniambia mficha uchi hazai. Nikavua, na binti yangu akatoka salama, leo yuko shule ya bweni anacheza mpira wa wavu. Mama huyo huyo. Sasa ninaficha, na hakuna kitakachozaliwa.

Aprili 19

Wifi amepiga simu. Mama mwenyewe amemwambia akili inamtoka, naye anataka Mama akae kwake, nyumba ina geti, asije akatoka akapotea. Mama, ambaye hajawahi kupotea hata siku moja. Mume wangu amesema tuonane na daktari kwanza. Aliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliye naye kutwa, je nimeona anasahau? Nikasema kidogo.

Kidogo. Nimeliandika hapa nilione.

Aprili 20

Jana sikuandika yote. Mume wangu alipouliza, Mama alikuwa mlangoni na kikombe.

Aprili 26

Daktari ni Mei tano. Mama amepiga pasi gauni lake la kutokea na kulitundika, siku tisa kabla. Nimejiwekea mwisho: kabla ya hiyo tarehe tano nitasema. Nimeapa. Nimewahi kuapa pia tarehe ishirini na mbili Machi, thelathini Machi na kumi na tatu Aprili, sikuandika.

Mei 1

Waya umelegea kwenye dari kwa sababu ya maji, unaning'inia ukumbini. Nimepiga msumari mwingine. Vitaa bado vya kijani.

Mei 3, Jumamosi

Leo kumekucha bila mvua, mara ya kwanza tangu sijui lini. Nilikwenda kupeleka kurasa kwa mchapaji. Njiani nilikuwa nimeamua kweli, si kama zile siku nyingine. Nilinunua hata machungwa, kana kwamba mtu anaungama na machungwa.

Moshi niliuona toka barabarani. Uani, kwenye lile pipa tunalochomea majani, Mama amekaa kwenye kigoda, kajipanga vizuri, gauni la kutokea mwilini, sanduku la bati liko wazi pembeni. Tupu. Alikuwa na daftari la mwisho mkononi, anachana kurasa mbili mbili, anatia.

Nikatupa machungwa. Nikamwambia Mama, unafanya nini, orodha haijaisha. Akanijibu bila haraka kwamba haitaisha, na daktari Jumatatu atasema neno ambalo yeye analijua tayari, na baada ya hapo hatajua tena kuamua. Amewaahidi wanawake wale. Mdomo hauwezi kuuzuia, ila karatasi ameiweza leo angali na akili ya kuwasha kiberiti. Akatia kurasa mbili nyingine.

Nikaliparamia lile daftari. Nikaliponya, au nilidhani nimeliponya. Lilikuwa jalada na kurasa nne, tupu zote, za mwishoni.

Hapo nikasema. Nilisimama na jalada mkononi nikasema yote: namba moja na namba mbili, karatasi iliyobanduka, hasira ya asubuhi ile, Ndiyo niliyobonyeza. Nikasema hukuota, Mama. Hukusahau kuhifadhi. Nilifuta mimi.

"Niliwaandika?"

"Uliwaandika. Mia tisa na sita."

Akacheka. Kicheko cha kweli, alijipiga paja, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye masizi mpaka uso ukawa na mistari. "Niko mzima," alisema. Aliliambia pipa, si mimi. "Mimi niko mzima kabisa." Nilitaka kumshika nikaogopa. Kwa muda ule mfupi alifurahi sana, na mimi nilisimama pale nikiona furaha yake itaishia wapi.

Kisha akatazama ndani ya pipa. Akatazama sanduku. Kicheko kikakatika.

"Toka lini?"

"Machi kumi na tisa."

Alihesabu kwa vidole, kifundo kwa kifundo, jinsi anavyohesabu wiki za mimba.

"Siku arobaini na tano," alisema. "Siku arobaini na tano umekaa unaniangalia nikijizika." Akasimama kwa kushikilia pipa ingawa lilikuwa la moto. "Waya ungenikosea, nisingesema neno. Waya hauna akili."

Akaingia ndani. Moto nimeuzima kwa maji lakini lilikuwa jivu tu, na jivu lenye maji ni tope. Machungwa bado yako uani.

Mei 4

Mume wangu amerudi, nimemwambia yote mezani mbele ya Mama. Hakunifokea. Heri angenifokea. Alikunja leso yake mara nne, akaenda kuketi chumbani kwa mamake, wakazungumza mpaka chakula kikapoa. Miadi ya daktari imefutwa.

Kufuta faili lilikuwa kosa, na madaftari yalikuwepo. Ningesema siku ile ile angenitukana, angelia, kisha angevaa miwani aanze tena. Waya ulichukua mia sita na tisini na nne, nao walikuwa wanarudishika. Hao, na wote ambao walikuwa bado hawajachapwa, nimewachukua mimi kwa kunyamaza.

Mei 6

Siku hizi naitwa "wewe". Folda yake haina faili jipya.

Mei 9, Ijumaa

Mvua imerudi. Saa mbili asubuhi Mama ameingia chumba cha mbele akiburuta kiti chake. Akakaa mgongo wima.

"Fungua Watoto. Mia mbili na kumi na tatu."

Akafumba macho akaanza kutaja. Jina, siku kama anaikumbuka, uzito, mama yake nani. Wengine anawashika kwa kitu kimoja tu: aliyetoka na jino, pacha waliopishana siku, yule ambaye baba yake alizimia mlangoni ikabidi arukwe. Mimi nachapa. Nikikosea herufi hanisahihishi, ananyamaza mpaka niione mwenyewe.

Kabla hajaanza aliniwekea sharti. Watu huwa wanakuja kumuuliza siku zao za kuzaliwa, kwa ajili ya karatasi za serikali, na wataendelea kuja. Kuanzia leo mlango nitafungua mimi, na atakayekosekana kwenye orodha nitamweleza mimi kwa nini. Yeye hatasema neno. Nimekubali. Ningekataa vipi?

Leo arobaini na mmoja.

Mei 10

Thelathini na wanane.

Mei 12

Thelathini. Ana kumbukumbu ya kutisha. Kila jina linanichoma, maana mtu huyu nilikaa nikasema "kidogo".

Mei 13

Ishirini na saba.

Mei 14

Kumi na tisa. Wifi amepiga simu, Mama mwenyewe akapokea, akamtajia uzito aliozaliwa nao yeye na watoto wake wote, akakata.

Mei 15

Tisa.

Mei 16

Saba.

Mei 17

Watatu.

Mei 19

Wawili, na mmoja ana shaka naye.

Mei 20, Jumanne

Amekaa toka saa mbili hadi saa tano, macho yamefumba. Nilimsikia anapumua tu. Mwisho akafumbua.

"Tumefika wapi?"

Nikamwambia mia tatu na themanini na nane.

Akasema basi. Niandike namba zilizobaki, moja moja, mpaka mia tisa na sita, mbele yake niache wazi. Nikamwambia kompyuta inaweza kujaza namba zote mara moja. Akasema anajua, nilimfundisha. Niandike moja moja.

Nikaandika. Mia tatu themanini na tisa, wazi. Mia tatu tisini, wazi. Alikaa mpaka mwisho, akisikiliza vidole vyangu. Wale wa madaftari manne ya mwisho, ambao alikuwa hajawafikia kabisa, hata namba hawana.

Mei 24

Mvua kama imekwisha. Nimeondoa ndoo ukumbini. Mume wangu aliuliza kama aung'oe ule waya, Mama akajibu kabla yangu kwamba uachwe.

Mei 27, Jumanne

Nilikuwa nimevaa vidude vya masikioni, sikusikia kitu. Nikafungua folda ya namba moja kwa mazoea, nikakuta faili tupu, la kwanza tangu Aprili. Jina lake "mlango".

Nikaenda. Amesimama fundi cherehani, mtu mzima mwenye mvi chache, chaki bado iko kwenye vidole. Anaomba kitambulisho cha taifa na anadaiwa siku yake ya kuzaliwa. Marehemu mama yake alimwambia alizaliwa mikononi mwa mkunga wa nyumba hii. Nikamkaribisha akae. Nikamuuliza jina, nikatafuta. Nikatafuta na la mama yake. Skrini ikanirudishia sifuri mara mbili.

Nikageuza kiti nikamtazama. Nilikuwa na maneno marefu niliyoyaandaa tangu Mei tisa, na yote yalikuwa na "bahati mbaya" ndani yake. Nikayaacha.

"Ulikuwemo," nilimwambia. "Nimekufuta mimi."

Hakuelewa, nikamweleza. Aligeuza kofia yake mikononi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Aliniuliza tu, kwa adabu, kama mtu anayeuliza suruali yake itakuwa tayari lini: sasa yeye alizaliwa siku gani?

Mama akatoka chumba cha nyuma. Akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamtazama kwa muda mrefu. Akamuuliza kama mama yake aliwahi kumwambia ilikuwa mvua au jua. Akasema mvua, paa lilikuwa linavuja. Mama akatabasamu, akasema nusu ya watoto aliowapokea paa lilikuwa linavuja. Akafumba macho. Nilimwomba Mungu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikaomba jina moja tu.

Akafumbua.

"Sikukumbuki, mwanangu," alimwambia. "Na si ugonjwa. Ni wengi."

Fundi akashukuru, akavaa kofia. Mama akamsindikiza hadi nje, nikawasikia wanaongea habari za gauni linalohitaji kupunguzwa kiuno. Mimi nilirudi kwenye meza. Namba mia tatu themanini na tisa nimeandika jina lake na jina la mama yake. Penye uzito nimeacha wazi. Penye siku nimeandika mvua.